Risasi ya Chetambe Ina Thamani Ikiwa Pale Ilipoanguka

Tuseme mkulima wa Webuye analima chini ya kilima cha Chetambe, na jembe lake linagonga ganda la risasi lililoingia kutu ya kijani. Analiokota, analifuta kwa kidole gumba, analitia mfukoni. Juma linalofuata analipeleka kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, linapimwa pamoja na bomba lililopasuka na sufuria iliyotoboka kitako, naye anarudi nyumbani na shilingi chache. Hakuna aliyeibiwa hapo, wala mkulima hakudhamiria ubaya. Hata hivyo kuna ushahidi uliofutika, na hautarudi hata ganda lenyewe likipatikana kesho kwenye gunia la mnunuzi. Maganda ya risasi ya karne ya 19 yamejaa katika makumbusho ya dunia. Lile la Chetambe lilikuwa na jambo moja ambalo hayo mengine hayana: lilikuwa limelala hatua kadhaa kutoka handaki fulani, kwenye kina fulani, karibu na kitu fulani. Mahali pake ndipo palipokuwa na habari.

Hoja ya makala haya ni kwamba serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, zikishirikiana na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ziyapime maeneo ya vita vya 1895 kwa vifaa vya kutambua metali, na zifanye hivyo mapema. Vifaa hivyo havitungoji. Vinauzwa mitandaoni, vinabebwa begani, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Pokot Magharibi, ambako njia kuu ya kuingilia ni Kitale, wanavifahamu. Kwa hiyo swali la kama mashine zifike Bungoma limepitwa na wakati. Lililobaki ni nani atatangulia kupita kwenye ardhi ya Chetambe: mtu anayeandika kila kitu mahali kilipo, au mtu anayefukua, anatia mfukoni na kufukia shimo usiku.

Mwaka 1895 C. W. Hobley, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa na kituo chake Mumias, alipeleka msafara wa kijeshi dhidi ya Wabukusu. Ugomvi ulihusu bunduki: askari wa Kisudani waliotumwa kwenda kuzichukua silaha zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu walikuwa wameuawa. Msafara wa kulipiza ulikusanya askari wa Kisudani, Waganda, Wamasai na watu wa Wanga. Ngome ya Lumboka, karibu na ulipo mji wa Bungoma leo, ilishambuliwa kwanza. Kisha ikafuata Chetambe, juu ya mahali ambapo wakoloni walikuja kupaita Broderick Falls na sisi tunapaita Webuye. Hizi zilikuwa ngome za udongo zenye kuta na handaki, za jamii ya vijiji vilivyozungushiwa boma ambavyo Wabukusu waliviita chingoba. Waliokuwa ndani walishindwa, na wengi wakauawa. Hobley aliandika habari hizo katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka 1929. Upande wa pili haukuandika kitabu; ulisimulia. Masimulizi hayo yalikuwa na uzito wa kutosha kiasi kwamba mwaka 1947 Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa aliwaongoza maelfu ya wafuasi kupanda Chetambe kuwakumbuka waliokufa. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku dini yake.

Tangu hapo tumeridhika kuwa na kitabu cha mshindi upande mmoja na simulizi za wazee upande mwingine, na kila kizazi huchagua cha kuamini kulingana na moyo wake. Hata swali la ngome ilikuwa ya nani, ya Watachoni au ya Wabukusu, hurudi kila panapozungumzwa urithi wa kilima hicho. Mashine haiwezi kutatua ugomvi wa majina. Lakini yapo maswali ambayo udongo unaweza kuyajibu iwapo utaulizwa kwa adabu. Washambulizi walifyatua wakiwa wapi, na walisogea kutoka upande gani? Walinzi walirudisha moto kwa bunduki nyingi au chache, na zilikuwa magobori ya risasi za mviringo au kitu cha kisasa zaidi? Mapigano yalikoma ukutani, au waliokimbia walifuatwa hadi mteremkoni? Hili la mwisho ni zito, kwa sababu ndilo linalotenganisha vita na mauaji. Risasi zilizotapakaa kwenye njia ya kukimbilia husema jambo ambalo ofisa hana haraka ya kuliandika kwenye ripoti yake.

Ili tuelewe kwa nini nukta kamili ina maana kubwa hivi, tuiangalie mashine yenyewe, maana wengi wanaizungumzia kama jicho la mganga. Ile sahani iliyo mwishoni mwa mpini ina nyaya zilizozungushwa. Umeme ukipita humo hutokea uga wa sumaku unaobadilika mara nyingi kila sekunde, na uga huo huingia ardhini. Ukikuta metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Nayo mikondo hiyo hutoa uga wake dhaifu, ambao mashine huupokea na kuugeuza kuwa mlio. Basi. Mashine haijui dhahabu wala historia. Inajua kwamba chini yake kuna kitu kinachopitisha umeme, na kwa kiasi fulani inaweza kukisia ni metali ya aina gani. Tena nguvu yake ina mpaka. Kwa kitu kidogo, kina kikiongezeka mara mbili mwitikio hupungua kama mara 64. Ndiyo sababu mashine nzuri ya mkononi huipata sarafu kwenye sentimita 20 au 30, na anayekuapia kuwa yake inaiona sarafu iliyo mita 10 chini anakuuzia hewa. Udongo nao una sauti yake: ardhi nyekundu yenye madini mengi ya chuma hujibu kana kwamba ni metali, na mtumiaji asiyeizoeza mashine na udongo wa mahali pale, kwa kuishusha na kuiinua juu ya kipande kitupu mpaka mlio utulie, atakuwa anachimba kelele.

Mlio wa kwanza ni mwanzo tu wa kazi. Mtafutaji makini hupepea sahani polepole kutoka kushoto kwenda kulia, karibu na ardhi, na kuweka akilini mstari ambapo sauti ni kali kuliko kote. Kisha anasogea robo ya mzunguko, anasimama akitazama upande mwingine, anapepea tena, anapata mstari wa pili. Pale mistari miwili inapokatana ndipo shabaha ilipo. Anainua sahani kidogo. Sauti ikififia upesi, kitu ni kidogo au hakiko chini sana, na ikiendelea kusikika basi huenda ni kikubwa na kiko mbali. Akisikia milio miwili ubavu kwa ubavu, hakimbilii kusema amepata vitu viwili, kwa kuwa msumari mrefu uliolala huweza kulia kwenye ncha zake zote mbili, na sarafu iliyosimama kwa ukingo huivuta sauti pembeni ya mahali ilipo. Baada ya hapo huchomeka kibendera. Kibendera hupimwa kwa kamba kutoka kwenye nguzo isiyohama, au kwa chombo cha mpimaji wa ardhi, maana simu ya mkononi huweza kukosea mita tatu au tano hata mahali peupe. Ukishaandika namba, umbali, upande na kina, ndipo mwiko mdogo unapoingia ardhini, nao huingia pembeni ya shabaha ili usiikwaruze. Udongo hutolewa kwa tabaka, na kitu hupigwa picha kikiwa bado kimelala kama kilivyolala tangu 1895.

Historia ya kifaa hiki ina kisa kinachoonyesha gharama ya kukosa nukta. Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuiona ilikokwama mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza chombo cha kutambua metali na kukipeleka Ikulu. Chombo kilikuwa kizima; kilikuwa kimeshajaribiwa kikafanya kazi. Lakini mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye godoro lenye springi za chuma, na zile springi zikalia pamoja na risasi. Kibaya zaidi, daktari mkuu alikuwa ameshaamua kuwa risasi iko upande wa kulia, akamzuia Bell kupima kwingine. Garfield alifariki Septemba, na upasuaji wa maiti ukaonyesha kuwa risasi ilikuwa kushoto. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bell aliinama vya kutosha, ila hakuna aliyefikiria kuuondoa mvungu wenyewe. Mambo mawili yaliyomshinda ndiyo yanayowashinda wengi hadi leo: metali iliyo jirani na shabaha, na imani iliyotangulia kipimo.

Imani hiyo iliyotangulia ndiyo hatari kubwa zaidi kwa Chetambe. Mashine nyingi za leo zina kitufe cha kuchagua: unaiambia inyamaze ikikutana na chuma na ilie kwa fedha, shaba na dhahabu pekee. Anayewinda mali huibonyeza swichi hiyo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu shambani chuma ni takataka: misumari, vipande vya majembe, waya wa seng'enge. Sasa fikiria maana yake juu ya kilima kile. Maganda ya risasi za askari wa msafara ni shaba, yatalia. Risasi za mviringo za magobori ni risasi kweli, nazo huenda zikalia. Lakini vichwa vya mikuki na mishale iliyofuliwa na wahunzi wa huku, silaha ambazo walinzi wengi wa ngome walizishika, ni chuma. Mashine iliyowekwa kwa tamaa ya mali itaziruka kimyakimya. Ramani itakayotokana nayo itaonyesha jeshi moja likifyatua dhidi ya kilima kitupu. Kwa hiyo namna ya kuiweka mashine tayari ni uamuzi wa kihistoria, na uamuzi kama huo hauwezi kuachiwa mtu aliyekuja kutafuta rupia. Utafiti wa kweli husikiliza kila mlio, hata wa msumari, na huuandika.

Kwamba njia hii inafaa, ushahidi upo. Agosti 1983 moto uliteketeza nyasi za uwanja wa vita wa Little Bighorn, Marekani, ambako mwaka 1876 Luteni Kanali Custer na kikosi chake walimalizwa na mashujaa wa Lakota, Cheyenne na washirika wao. Kuanzia 1984 wanaakiolojia waliwapanga watu wa kujitolea wenye mashine za kutambua metali kwa mstari, wakapekua ardhi hatua kwa hatua, wakachomeka bendera kwenye kila mlio na kupima nukta ya kila ganda. Kila bunduki huacha alama yake kwenye ganda inapolipiga, hivyo waliweza kuifuata bunduki moja ikihama kutoka sehemu moja ya uwanja hadi nyingine. Picha waliyoipata ilitofautiana na ile ya michoro ya mashujaa weupe waliosimama imara hadi mtu wa mwisho. Ilikaribia zaidi masimulizi ya wenyeji, ambayo kwa miaka mia moja yalichukuliwa kama porojo. Huko Ujerumani, mwaka 1987, ofisa wa jeshi la Uingereza aitwaye Tony Clunn alianza kutafuta kwa mashine yake katika mashamba ya Kalkriese baada ya kuzungumza na mwanaakiolojia wa eneo hilo. Alipata sarafu za Kirumi na, baadaye, vipande vya risasi vya kurushwa kwa teo. Aliandika mahali pa kila kimoja na kukikabidhi. Kutokana na nukta hizo wataalamu walifikia mahali ambapo, kwa maoni ya wengi wao, majeshi ya Kirumi yaliyoongozwa na Varus yaliangamizwa mwaka wa 9 baada ya Kristo, mahali palipokuwa pametafutwa kwa karne nyingi. Leo pana makumbusho.

Upande wa pili wa sarafu nao una mfano wake. Mwaka 2015, katika wilaya ya Herefordshire, Uingereza, watafutaji wawili walifukua hazina ya zama za Waviking, wakaificha na kuiuza kwa siri. Inaaminika ilikuwa na sarafu zipatazo 300. Hadi walipohukumiwa mwaka 2019 zilikuwa zimepatikana 31 tu. Hizo chache zilitosha kuwafanya wanahistoria wafikirie upya uhusiano wa wafalme wawili wa wakati ule. Zilizobaki zingesema nini, hakuna ajuaye. Kwetu Afrika Mashariki ugonjwa wa namna hii unaitwa rupia. Kutoka Tanganyika ya Wajerumani hadi mashamba ya walowezi wa Trans Nzoia, watu wameaminishwa kwamba wakoloni walizika mali wakikimbia. Rupia ilikuwa fedha ya kawaida ya madukani na ya kodi ya kibanda, na katika makoloni ya Mwingereza iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ina uzito wa gramu 11.66, na fedha iliyomo haifiki gramu 11. Shimo la mita tatu linalochimbwa usiku kwa ajili yake lina hasara hata kabla ya mchimbaji kukamatwa. Na penye tamaa hapakosi tapeli. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga miaka kumi James McCormick, aliyeiuzia Iraki kifaa cha ADE 651 kwa madai kwamba hutambua mabomu kutoka mbali. Ndani hakikuwa na chochote kinachofanya kazi. Wazo lake lilitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Yeyote anayetembeza Kitale au Kimilili chombo chenye mkonga unaodaiwa kunusa dhahabu kutoka kilima cha pili ni wa ukoo huo huo.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni kwamba kuanzisha utafiti wa mashine ni kuwaonyesha wezi njia. Lina nguvu, na halipaswi kupuuzwa: ramani ya vitu vilivyofukiwa ikivuja, usiku huohuo kutakuwa na tochi kilimani. Lakini kukaa kimya hakujawahi kuwa mlinzi. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inakataza kutafuta na kuondoa vitu vya kale bila leseni, na inamtaka anayevipata atoe taarifa ndani ya siku saba. Tatizo ni kwamba mkulima wa Webuye hajasomewa sheria hiyo, na hata angeijua angejiuliza apeleke taarifa wapi, kwa nani, na atapewa nini zaidi ya usumbufu. Utafiti rasmi, unaoajiri vijana wa vijiji vya pale na kuwafundisha, huzaa walinzi wenye sababu ya kulinda. Nukta zenyewe zinaweza kubaki kwenye kumbukumbu za makumbusho bila kuchapishwa hadi eneo litakapokuwa salama. Na eneo lililokwisha kupekuliwa kwa utaratibu, likajulikana kuwa limepekuliwa, halimvutii mwizi tena kama lile linalovumishwa kuwa na siri.

Pingamizi la pili ni la tumbo. Kaunti hizi zina barabara mbovu, hospitali zisizo na dawa na wakulima wa miwa wenye kilio cha malipo. Nani ana muda wa kupigia kelele maganda ya risasi? Jibu si kwamba urithi ni muhimu kuliko dawa. Jibu ni kwamba kazi hii ni ya bei ndogo, na ina kikomo. Mashine chache za wastani, kamba, vibendera, mpimaji wa ardhi na misimu miwili ya kiangazi baada ya mavuno, wakati mahindi hayapo na ardhi inaonekana, vinatosha kupekua sehemu kubwa ya mteremko wa Chetambe. Zaidi ya hapo, Katiba ya 2010 imeyataja makumbusho miongoni mwa majukumu ya kaunti. Pesa za utamaduni tayari zipo kwenye bajeti; mara nyingi huishia kwenye mahema, vipaza sauti na fulana za siku moja. Kuzielekeza kidogo kwenye kitu kitakachodumu hakumnyang'anyi mgonjwa kidonge.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi kulijibu: kilima kile ni kaburi. Waliokufa 1895 wamo ardhini, na kuna watu wa Bungoma wanaoamini, kwa haki, kwamba wafu hawachokonolewi. Nakubali kuwa uamuzi hauwezi kutoka Nairobi wala chuo kikuu. Wazee wa Watachoni na wa Wabukusu wakae pamoja, waseme ni wapi pasiguswe, na pasiguswe. Lakini hapa ndipo mashine inapoonyesha upole wake. Inasikiliza kutoka juu. Inaweza kuchora umbo la mapigano kutokana na milio pekee, pakachimbwa sentimita chache tu mahali palipokubaliwa, na pengine pasichimbwe kabisa. Mfupa haulii chini ya sahani. Anayewasumbua wafu ni yule wa usiku, anayechimba kiholela bila kujua anakata nini. Na kama kumbukumbu ya wafu hao ndiyo iliyomfanya Masinde awapandishe maelfu kilimani mwaka 1947, kujua kwa hakika waliangukia upande gani ni sehemu ya kuwaheshimu.

Wapo pia watakaosema tumechelewa: jembe na trekta vimeshavuruga kila kitu. Vimevuruga, ndiyo. Lakini plau husogeza kitu kwa hatua, haikihamishi kutoka ukutani kwenda mtoni, na mashamba ya Kalkriese yalilimwa kwa vizazi kabla ya Clunn kufika. Muundo mkubwa huishi. Kinachoumaliza ni kuokota. Ni kweli vilevile kwamba mashine haitoshi peke yake. Shanga, vyungu, mkaa na mifupa haivisikii. Mashimo ya Wasirikwa yanayoonekana sehemu nyingi za Trans Nzoia yalidhaniwa kwa muda mrefu kuwa nyumba za chini ya ardhi. Uchimbaji wa kitaalamu wa kina J. E. G. Sutton ndio ulioonyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, na nyumba zilijengwa ubavuni. Hakuna mlio wa metali ungelijua hilo. Huko Morogoro shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa baruti za mabomu ya ardhini, kwa sababu moja kubwa: penye vyuma vingi mashine hulia kwa kila kifuniko cha chupa, ilhali panya hukipita chuma kitupu bila kusimama. Kila chombo kina swali lake. Cha metali kinafaa kwa uwanja wa vita ulioachwa na bunduki na mikuki, na Chetambe ni uwanja wa namna hiyo hasa.

Basi ifanyike hivi. Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa Luteni Kanali Hugh Stoneham na kufunguliwa kwa umma mwaka 1974, ndiyo makumbusho ya taifa yaliyo karibu. Yapewe dawati la kupokea taarifa za vitu vilivyookotwa Trans Nzoia na Bungoma, lenye mtu mmoja anayejibu simu na kitabu kimoja kinachoandikwa mahali, kina na tarehe. Chuo Kikuu cha Kibabii na Kitale National Polytechnic vialikwe kutoa wanafunzi wa kupima na kuchora. Makumbusho ya Kitaifa yatoe leseni na mwanaakiolojia wa kusimamia. Kaunti ya Bungoma izungumze na wenye mashamba mapema, iandike fidia ya mazao yatakayokanyagwa, na iwahakikishie kuwa ardhi yao haitachukuliwa kwa kisingizio cha urithi; bila ahadi hiyo kila ganda litaendelea kufichwa. Machifu waseme barazani jambo moja rahisi ambalo halihitaji shahada: ukikuta kitu cha kale, kiache hapo, weka kijiti, piga simu. Na anayekuja na mashine bila leseni aulizwe jina lake na aliyemtuma.

Siku utafiti huo utakapofanyika, huenda ramani ikamthibitisha Hobley mahali fulani na kumkanusha mahali pengine. Huenda ikawakanusha wazee wetu pia, nasi tutalazimika kuipokea, kwa sababu atakayepima huku ameshaamua risasi iko upande gani atakuwa ameturudisha kitandani kwa Garfield. Ushahidi uliopo sasa uko katika sentimita 30 za juu za udongo wa Webuye, umetawanyika, na kila msimu wa kulima unapungua kidogo. Yule mkulima wa mwanzo bado analima. Inatupasa tumfikie kabla jembe lake halijagonga tena, tukiwa na kijiti mkononi na namba ya simu ya kumwachia.